Pumzi Mpaka Ng'ambo ya Kilifi

Jumanne, 1 Aprili 1986
Nimepewa gari. Metroni ameniita asubuhi akaniambia kuanzia leo mimi ndiye nitakayewasindikiza wagonjwa mahututi kwenda Mombasa, kwa kuwa sista aliyekuwa akiifanya kazi hiyo amehamishwa. Sikuuliza kwa nini mimi. Metroni akikuita kwa majina yako yote mawili, "Jedida Wambui," ujue shauri limekwisha kukatwa zamani.

Hospitali yetu haina mashine ya kumpumulia mtu. Asiyeweza kuvuta pumzi mwenyewe anatiwa mrija kooni, mrija unaunganishwa na mfuko wa mpira, na mtu anaubonyeza mfuko huo kwa mkono kutoka Malindi mpaka Mombasa. Kilomita mia na ishirini, na katikati kivuko cha Kilifi. Huyo mtu wa kubonyeza sasa ni mimi.

Jumamosi, 5 Aprili
Safari ya kwanza. Mzee wa pumu, alikaa kitako njia nzima akivuta oksijeni, tukamfikisha salama. Dereva ni Dzombo, mtu wa Ganda, kijiji cha jirani, mrefu, mchache wa maneno. Anakwenda mbio. Nilipogonga kioo kumwambia apunguze, alijibu bila kugeuka, "Sista, feri ya saa nne ikitupita tutakaa pale saa nzima." Tuliiwahi. Mgongo wangu bado unaniuma.

Jumatano, 9 Aprili
Mvua tangu alfajiri. Hakuna safari. Barua ya Joram, mume wangu, kutoka Thika. Anauliza nitarudi lini bara. Sijamjibu.

Jumatatu, 14 Aprili
Sina nguvu ya kuandika, lakini nisipoandika sitalala.

Saa tatu asubuhi aliletwa mgema mmoja wa Ganda, Mramba, aliyeteleza mnazini kwa sababu ya mvua akaangukia kichwa. Hana fahamu, pumzi zinakatika. Thuku, afisa wa kliniki anayetoa dawa za usingizi, alimtia mrija, akaubandika kwa plasta mdomoni, akanitazama kwa yale macho yake ya kudharau. "Gari likisimama, sikiliza kifua. Upande huu, upande huu, halafu tumbo. Kila mara." Nikasema ndiyo. Nilikuwa ninajua. Nilifundishwa haya kabla yeye hajaota ndevu.

Mkewe, Kabibi, alitaka kupanda. Nilimwambia hakuna nafasi, benchi limejaa mitungi ya oksijeni. Ni kweli lilikuwa limejaa. Alibaki mlangoni ameshika leso ya mumewe.

Tulisimama Gede kupisha ng'ombe. Sikusikiliza kifua. Mvua ilikuwa inapiga bati la gari kama kokoto, nikajiambia hata nikisikiliza sitasikia kitu. Tulipopita Matsangoni gari liliingia shimoni, nikarushwa ukutani, mkono ukaniponyoka. Nilirudi kwenye mfuko nikaendelea kubonyeza. Baada ya dakika chache midomo yake ikaanza kuwa ya buluu. Nikafikiri oksijeni imekwisha. Nikauacha mfuko, nikapigana na mtungi mpya, spana inateleza kwa jasho, nikaufunga, nikabonyeza tena. Midomo ikazidi kuwa myeusi. Nikagonga kioo.

Dzombo alisimama, akaja nyuma, akafungua mlango. Aliangalia kwa muda mfupi tu, akasema, "Sista, mbona tumbo lake limejaa?"

Nikamwambia, "Wewe shika usukani wako."

Akarudi kwenye usukani. Nilibonyeza mfuko, nikabonyeza moyo, nikabonyeza mfuko. Mramba alifariki kabla hatujafika Tezo.

Tulipomshusha Kilifi ndipo nilipouona mrija. Ulikuwa umetoka njia ya hewa ukaingia njia ya chakula. Hewa yote niliyompa ilikwenda tumboni. Plasta ilikuwa imeachia kwa mate.

Jumanne, 15 Aprili
Nimeandika ripoti: "Gari lilikuwa katika mwendo wa kasi, likaingia shimoni, mrija ukachomoka." Nimeisoma mara tatu. Hakuna neno la uongo ndani yake.

Ijumaa, 18 Aprili
Dzombo amepewa barua ya onyo. Ameipokea mbele ya ofisi ya Metroni, akaikunja, akaitia mfukoni. Hakunitazama.

Alhamisi, 24 Aprili
Mvua. Safari ya Mombasa, msichana aliyevunjika shingo. Amefika. Dzombo sasa anakwenda polepole mpaka inanitia wazimu. Tulikosa feri mbili. Kila shimo analizunguka kama ni kaburi. Niligonga kioo nikamwambia aongeze mwendo. Akasema, "Niandikie, sista. Niandikie kwenye karatasi kwamba umenituma niende mbio."

Sikuandika.

Jumapili, 27 Aprili
Kanisani nilikaa nyuma. Bi Mahfudha, mwenye nyumba yangu hapa mtaa wa Barani, aliniletea uji wa wimbi jioni. Alisema nimekonda. "Kazi gani hiyo, mwanangu, inayokula mtu nyama?" Nikasema ni mvua tu.

Jumamosi, 3 Mei
Leo nimesikia kwa mfagiaji kwamba Dzombo hakwenda matanga ya Mramba. Wao ni majirani, shamba kwa shamba. Alitaka kwenda, watu wa ukoo wa marehemu wakamrudisha njiani. Wanasema dereva wa serikali amemuua mtu wao kwa mbio.

Nilijaribu kuzungumza na Thuku. Nilimuuliza kama vile nauliza kuhusu mtu mwingine: mrija ukitoka njiani, mtu anajuaje? Alikuwa akiosha vyombo vyake, hakuinua kichwa. "Unaangalia kifua. Mfuko unaweza kukudanganya, mtungi unaweza kukudanganya. Kifua hakipandi, mrija hauko. Usianze kutafuta sababu nyingine." Kisha akaweka chombo chini. "Mimi nilimpa mama mmoja hewa tumboni dakika tano nzima. Nyeri, mwaka wa sabini na tisa. Nilikuwa naangalia mtungi."

"Ukafanya nini?"

"Nilimwambia daktari. Nikamwambia na mumewe." Akafuta mikono. "Halafu nikaomba uhamisho, nikaja huku."

Nilikuwa nikimhesabu mtu wa majivuno. Sijui sasa.

Jumatano, 7 Mei
Safari. Mgonjwa amefika.

Ijumaa, 9 Mei
Safari. Mgonjwa amefika. Vidole vya mkono wa kulia havikunjiki asubuhi mpaka niviloweke kwenye maji ya moto.

Jumatatu, 12 Mei
Mfungo umeanza. Mtaa umetulia mchana. Dzombo ni Mkristo kama mimi lakini hali mbele ya wanaofunga. Anakwenda kula muhogo wake nyuma ya chumba cha maiti. Nilimkuta huko leo. Nilifungua mdomo nimwambie. Akainuka, akasema, "Nakuja, sista, gari liko tayari," ingawa hapakuwa na safari.

Jumamosi, 17 Mei
Mvua. Mvua. Viatu vimeota ukungu.

Alhamisi, 22 Mei
Nimerudi, nimeoga, nimekaa kitandani na daftari. Niandike yote kabla hayajanichanganyikia.

Asubuhi alipasuliwa binti mmoja wa mjini, Nana, mwenye miaka ishirini na mbili, kifafa cha mimba. Mtoto alitoka hai, analia vizuri. Mama hakuzinduka. Degedege zilimrudia mara mbili na pumzi zikawa hazitoshi. Thuku akamtia mrija. Safari hii niliufunga mwenyewe kwa utepe wa bandeji kuzunguka shingo, nikaweka alama kwa kalamu pale unapotokea mdomoni. Thuku alitazama alama ile, akatikisa kichwa kukubali.

Mumewe, Hamad, fundi wa makochi, aliuliza kama anaweza kupanda. Benchi lilikuwa limejaa mitungi. Nilimwambia Dzombo anisaidie kuifunga miwili chini ya machela, na Hamad akakaa.

Gede nilisikiliza: kulia, kushoto, tumboni kimya. Matsangoni nilisikiliza. Tezo nilisikiliza. Saa sita na nusu tulifika kivukoni Kilifi tukakuta lori la simiti limezama magurudumu ya mbele pale gari zinapopandia ferini. Maji yalikuwa yamekupwa na tope lilikuwa limelishika. Watu wanavuta kamba, wanapiga kelele. Tulikuwa gari la nne. Nyuma yetu malori yakaja yakabana.

Tulikaa dakika arobaini. Joto ndani ya gari lilikuwa la tanuri. Kisha mfuko ukawa mgumu mkononi mwangu. Nikabonyeza, haukuingia. Nikaangalia kifua. Hakikupanda.

Moyo wangu ulinituma niangalie mtungi. Nauandika ukweli: jicho langu lilikuwa limekwisha kwenda kwenye mtungi. Nikalirudisha. Alama ya kalamu ilikuwa mahali pake, mrija haujatoka. Basi umeziba. Nikachukua kijimrija cha kunyonyea makohozi, nikakanyaga pampu ya mguu, nikakisukuma ndani ya mrija, kikagota njiani. Nikasukuma tena, kikagota. Damu na makohozi vilikuwa vimekauka humo kwa joto.

Nikaita, "Dzombo!"

Alikuja mbio akafungua mlango wa nyuma. Midomo ya Nana ilikuwa inabadilika. Hamad alikuwa amesimama nusu, kichwa kimegusa bati, anasema "Sista, sista," hana neno jingine.

Dzombo akauliza, "Turudi hospitali ya Kilifi?"

"Nako hakuna mashine. Na tutatokaje hapa?"

Akatazama malori nyuma. Akanitazama. Ilikuwa mara ya kwanza kunitazama usoni tangu Aprili.

"Nautoa mrija," nikasema. "Umeziba. Nitamfunika pua na mdomo kwa kile kifuniko cha mpira. Lakini lazima nikishike kwa mikono miwili, niinue na taya, ulimi usimzibe. Sina mkono wa tatu. Wewe utabonyeza."

"Mimi?"

"Wewe. Taratibu. Kifua kikipanda, achia. Na uliangalie tumbo. Ukiliona tumbo linajaa, uniambie."

Alisimama pale mlangoni, mvua inamnyeshea mgongoni. Nilijua anakumbuka nini. Nami nilikuwa nakumbuka hicho hicho. Akapanda, akapiga magoti.

Nilikata utepe, nikautoa mrija. Ni jambo rahisi kuandika. Pale lilikuwa kama kumtupa mtu majini. Nikaingiza kile kipande cha plastiki kilichopinda cha kuzuia ulimi, nikaunganisha mfuko na kifuniko, nikakiweka, vidole vitatu kila upande chini ya taya, nikavuta juu kwa nguvu zangu zote. "Bonyeza."

Hakikupanda.

Hewa ilikuwa inavuja shavuni. Nikapandisha taya tena, nikakandamiza kifuniko. "Bonyeza."

Kikapanda. Kidogo, kama shuka inavyoinuliwa na upepo wa dirishani. Nikasema, "Achia." Kikashuka. "Bonyeza." Kikapanda.

Hamad akaanza kulia kwa sauti. Dzombo hakuondoa macho kwenye kile kifua. Rangi ilirudi midomoni polepole mno. Dzombo alisema mara moja, "Tumbo linaanza," nikamwambia abonyeze kwa ulaini zaidi, akalainisha.

Sijui lori lilitolewa saa ngapi. Mtu alikuja kupiga dirisha kusema ambulansi ipite mbele, na Dzombo hakuweza kushuka. Akamwita dereva wa lori la nyuma, mtu asiyemjua, akamrushia ufunguo. "Tuingize ferini. Polepole, kama umebeba mayai." Mtu yule akatuingiza. Tulivuka hivyo, mimi nimeshika taya, Dzombo anabonyeza.

Mnarani, ng'ambo, ilibidi Dzombo arudi kwenye usukani. Nikamtazama Hamad. "Njoo hapa. Umeona alivyofanya?"

"Nimeona."

"Kaa alipokaa."

Mikono yake ilibonyeza haraka mno pumzi tano za kwanza. Baadaye ikatulia, ni mikono iliyozoea kazi. Kutoka Mnarani mpaka Mombasa ni Hamad aliyempumulia mkewe. Tulipopita Takaungu nikamwambia yuko safarini, dini inamruhusu kunywa maji. Akasema bila kuondoa macho kwenye kifua, "Nishakunywa, sista. Nilikunywa yako pale ferini. Unisamehe, sikukuuliza."

Karibu na Mtwapa Nana alitapika. Nikaondoa kifuniko, tukamgeuza ubavu, nikakanyaga pampu na kumnyonya mdomo mpaka ukawa safi, tukamlaza tena. Niliporudisha kifuniko nilihisi kitu chini ya vidole vyangu. Nikamwambia Hamad asubiri. Kifua kikapanda chenyewe. Pumzi moja, fupi. Tukangoja. Ya pili ikaja.

"Ni yeye?" Hamad akauliza.

"Ni yeye. Msaidie, usimwache. Akivuta, wewe bonyeza."

Tulimkabidhi Mombasa saa kumi. Nilipojaribu kufungua vidole vyangu havikufunguka. Nesi mmoja wa pale alinifungulia kimoja kimoja. Wakati wa kurudi Dzombo alinifungulia mlango wa mbele. Nilikaa mbele, pembeni yake. Hakuwahi kunikaribisha mbele kabla ya leo.

Jumamosi, 24 Mei
Simu kutoka Mombasa: Nana anapumua mwenyewe, amefungua macho, ameuliza mtoto yuko wapi. Thuku alinifuata wodini akanipa mkono. Metroni amesema ataandika barua ya pongezi iwekwe kwenye faili langu.

Faili langu na faili la Dzombo yamo katika kabati moja.

Jumanne, 27 Mei
Nimekwenda kwa Metroni. Nilisimama, sikukaa. Nikamwambia sikukisikiliza kifua cha Mramba Gede. Sikukisikiliza baada ya shimo. Nikamwambia nilibadili mtungi wakati mtu anakufa kwa kukosa hewa, na dereva aliliona tumbo akaniambia, nami nikamfukuza.

Akalitoa faili, akaifungua ripoti yangu. "Kwa nini hukuandika haya?"

"Niliogopa."

"Ukaona afadhali mwenzako."

"Ndiyo, Metroni."

Barua ya Dzombo itafutwa. Yangu itaandikwa. Nikaomba niondolewe kwenye gari. Akavua miwani, akajisugua macho. Naye amechoka, sikuwahi kuliona hilo. "Nimpe nani gari, Jedida? Nitajie jina." Akaivaa tena miwani. "Basi. Utaendelea."

Jumatatu, 2 Juni
Dzombo aliniita nyuma ya chumba cha maiti. Nilifikiri atanishukuru. Mjinga mimi.

"Wiki sita," akasema. "Mke wangu alikuwa anachota maji kisima cha mbali, kwa sababu kisima cha karibu ni cha kina Mramba. Unalijua hilo?"

"Silijui."

"Ulikuwa unakaa nyuma yangu kila safari. Kioo kimoja tu kati yetu."

Nikasema, "Nisamehe, Dzombo."

Akakaa juu ya tofali. Alichuna ganda la muhogo kwa kidole bila kula. "Nilikwenda mbio siku ile. Hilo si uongo. Na lile shimo nililiona." Akatazama mvua. "Kwa hiyo msamaha wako nauchukua nusu. Nusu nyingine mpelekee Kabibi. Sikulazimishi kwenda. Ukienda, nitakwenda pamoja na wewe, lakini utasema wewe."

Jumatatu, 9 Juni
Idi. Bi Mahfudha amenipa biriani sahani mbili. Mvua imepungua. Nimemwandikia Joram barua ndefu, nikaichana, nikamwandikia fupi: bado nipo nipo kidogo.

Jumamosi, 14 Juni
Tumekwenda Ganda, mimi na Dzombo, kwa miguu kutoka barabarani. Njia ilikuwa tope. Kabibi alikuwa uani anapukuchua mahindi mabichi, na shemeji yake amekaa kizingitini. Shemeji alipomwona Dzombo aliinuka. Kabibi akamwambia akae.

Nilimwamkia. Nikakataa kigoda, kisha nikaona ni utovu wa adabu, nikakaa. Nikasema yote. Sikutumia maneno ya hospitali. Nilisema kulikuwa na mrija wa kumpa hewa, ukahama mahali pake, na kazi yangu ilikuwa kuutazama, nami sikuutazama. Nilisema Dzombo aliona, akaniambia, nikamnyamazisha.

Kabibi aliendelea kupukuchua. Punje zilikuwa zinaangukia ungo moja moja.

"Kwa hiyo mlipotoka Malindi alikuwa hai," akasema.

"Alikuwa hai."

"Kuna watu waliniambia alikuwa maiti tangu hapo mlangoni, mkamchukua kwa desturi tu. Nikawaamini. Ilikuwa nafuu kidogo." Akaweka gunzi chini. "Uliniambia hakuna nafasi."

"Benchi lilikuwa na mitungi. Ningeweza kuihamisha. Siku nyingine niliihamisha."

Kwa hilo alilia. Kwa yale mengine hakulia, kwa hilo alilia, uso ameufunika kwa viganja vyenye wanga wa mahindi. Shemeji yake alitazama chini. Mimi sikumgusa; sikuwa na haki. Tulikaa hivyo mpaka kuku wakaanza kula mahindi kwenye ungo na Dzombo akawafukuza kwa mkono.

Mwisho akajifuta kwa leso. "Juzi ulikuwa na safari?"

"Alhamisi. Mtoto wa mtaa wa Kisumu Ndogo, alikunywa mafuta ya taa."

"Ulimsikiliza?"

"Kila tuliposimama."

"Mama yake alipanda?"

"Alipanda. Alikaa pembeni yangu."

Kabibi akauvuta ungo mapajani, akachukua gunzi jingine. Hakusema amenisamehe. Alimgeukia Dzombo, si mimi, akamwambia, "Mwambie mkeo kisima kiko pale pale."

Tuliondoka. Jua lilikuwa limetoka na njia inafuka mvuke. Dzombo alitangulia, suruali ameikunja mpaka magotini. Tulipofika barabarani akageuka.

"Jumatatu tuna safari?"

"Tuna. Saa mbili."

"Uje saa moja basi. Mkanda wa machela umelegea upande wa kichwa. Nataka unishikie, tuukaze."